Herufi Zenye Viatu Msalabani

Fundi Yona, shikamoo. Usiitikie, leo nimekuja kugomba.

Umewaandikia misalaba watu wote wa Haneti, herufi nene, zenye viatu, vile vistari vyako vya miishoni, juu na chini kama askari wa gwaride. Wako mwenyewe hukuuandika! Ulikuwa unangoja nini? Ukatuachia mpwa wako Elia, akaenda mjini akachapisha jina lako kwenye stika. Herufi nyembamba, zimejikunja kama tambi, rangi ya waridi. Fundi, umelazwa chini ya kadi ya harusi.

Siku ya maziko nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Mimi niliyeishia darasa la nne, nikiuza karanga Makole, wewe ndiye uliyenipa brashi. Ukaniambia, "Herufi ni mtu, we Mnyamwezi. Usimsimamishe peku juani." Tukazipaka kwenye mabucha, kwenye mashine za kusaga, kwenye malori ya samaki wa Mtera. Nilipoziweka kwenye saluni ya akina mama ulicheka mpaka ukakaa chini. "Watadhani wanasukwa na polisi!"

Sasa sikia kilichoniudhi. Juzi mkeo, Mama Neema, alikwenda kukusalimia. Macho yake unayajua, hayaoni vizuri. Jua limeipausha ile stika, upepo umeibandua upande, na pembeni yako wameshazikwa wengine. Akapiga magoti, akalia, akakueleza mambo yote ya nyumbani, kumbe yuko kwenye kaburi la mzee mwingine. Tena yule mliyegombana naye mpaka wa shamba! Watu wakaja kumwinua. Alinisimulia huku anacheka. Nikatoka nje nikapiga ndoo teke.

Sikuomba ruhusa. Tangu lini mtani wa Mgogo akaomba ruhusa makaburini? Jana nimeichana ile stika mbele ya ukoo mzima. Elia akaja juu, "Wewe nani kwenye kaburi la mjomba wangu?" Wazee wakamkalisha, "Huyo mtani wake, mwache afanye fujo zake." Nikapaka nyeupe, nikangoja ikauke huku Elia ananitolea macho, nikaandika kwa nyeusi. Nene, kama za bucha. Ile Y ya mwanzo ilinishinda kidogo, machozi yalikuwa yananiharibia mstari. Nimeivisha kiatu kipana, haianguki.

Halafu Mama Neema akasimama kule njiani, mbali. Akasoma jina lako kwa sauti. Akaja moja kwa moja kwako, hakushikwa mkono na mtu.

Hasira haijaisha, usijidanganye. Ila lala, mzee wangu. Kila mvua zikikatika nitakuja na kopo la rangi nikupake upya. Na msalaba wangu nimeshauandika mwenyewe, uko nyuma ya mlango. Umebaki mwaka wa kufa tu. Elia asije akanipamba.

Mtani wako,
Masanja