Gitaa Juu ya Mafiga

Jumapili, 4 Mei

Nimerudi kutoka Ukunda nimelowa chapachapa. Gitaa kavu. Kwa turubai nililifunika lenyewe, mimi nikabaki na leso. Masika ndiyo haya, mtu unachagua cha kuokoa.

Leo tulijaa kwenye karakana ya Kalama, katikati ya vitanda visivyokamilika na vumbi la randa. Kalama ni seremala, hupiga rithim. Odhiambo alikuwa kwenye bendi ya hoteli mpaka hoteli ikafungwa. Hupiga solo, na husema kuliko anavyopiga. Tulianza kama kawaida: mmoja anatoa sauti, yaani anapiga nyuzi zake moja moja, na wengine wote wanakaza zao kumfuata. Simu zina programu za kazi hiyo. Sisi hatuzitumii. Tumezoea kusikilizana.

Halafu wakanipa habari. Kwenye mkutano wetu wa sikukuu ya Madaraka, Juni mosi, huko Diani, wenye magitaa wote wa kusini wakiwapo, mwaka huu wa kutoa sauti ni mimi. Mejumaa, fundi cherehani wa Msambweni. Magitaa yote yafuate langu, kisha nifungue kwa wimbo wangu mwenyewe. Hajawahi mwanamke. Nilijifanya nakunja waya wa amplifaya.

Sharti ni moja tu. Gitaa liwe lako. La kuazima halitoi sauti.

Jumatano, 7 Mei

Kutu tena! Nyuzi nilizotia juzi zimeshapiga wekundu. Bahari huku, mvua huku, ukuta wenyewe unatoka jasho. Nimelalamika tangu asubuhi. Nimesema unyevu huu utaniulia gitaa, nimesema mara nyingi mno, hata mimi nimejichoka.

Mama akasema nguo za watu zinaningoja, nami nalilia kibao. Ndivyo anavyoliita. Kibao.

Kesho naenda Lunga Lunga. Bibi harusi hataki nguo zake zishonwe mahali pengine ila kwao, anaogopa macho ya watu. Nabeba cherehani. Gitaa nimelitundika ukutani.

Jumatatu, 12 Mei

Ya Rabi.

Nimefika, ukutani hakuna kitu. Mama akanipokea kwa bashasha, ati ameliweka mahali pazuri. Akanishika mkono mpaka jikoni. Lilikuwa juu ya uchaga, juu ya mafiga, pale anapohifadhi mahindi ya mbegu yasiingiwe na wadudu. Moto wa chai, moto wa wali, moto wa jioni, na moshi wake, tangu nilipoondoka.

"Si ulisema unyevu utakuulia? Hebu liguse sasa. Kavu!"

Ni kavu kweli. Shingo imejipinda kwa nyuma. Nyuzi zimelala juu ya freti, nikipiga zinavuma kama nzi kwenye chupa. Mbao imesinyaa mpaka ncha za freti, vile vyuma vidogo vya shingoni, zimetokeza pembeni. Nimepitisha mkono nikachanika vidole. Kitufe cha sauti kimeyeyuka. Linanuka papa mkavu.

Nilisema maneno. Sitayaandika. Mama alichukua ndoo akaenda kuteka maji, na mapipa yalikuwa yamejaa mvua.

Jumanne, 13 Mei

Shikamoo, marahaba, basi. Hatuna jingine.

Chai niliikuta imefunikwa kwa kawa. Nimeinywa kwa hasira.

Angelifanya kwa ubaya ningejua la kusema. Alifanya kwa wema. Sasa hasira hii niipeleke wapi?

Jumatano, 14 Mei

Kwa Kalama. Alifumba jicho moja akaitazama shingo kwa urefu, kama anavyotazama ubao wa kitanda. Akasema wazi hajawahi kutengeneza gitaa, yeye na vitanda tu, lakini mti ni mti. Ndani ya shingo mna chuma cha kuinyoosha. Nilikuja na spana yake mfukoni, nikitaka tukizungushe pale pale. Akaninyang'anya.

"Huu mti una kiu, Mejumaa. Ukiulazimisha utapasuka."

Nilegeze nyuzi, nilitundike chumbani, dirisha wazi, mvua ikinyesha nje. Linywe pole pole. Yaani ule unyevu niliokuwa nikiutukana ndio dawa yake. Nimecheka njia nzima, kicheko cha mtu aliyekasirika.

Odhiambo ameshasikia. Ameandika kwenye kundi la simu: "Manze hiyo kitu imekufa, wacha mimi nishike hiyo nafasi ya Madaraka." Hata pole hakuniambia! Nimeandika jibu refu, nimelifuta.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda mikono mitupu. Sikujua niiweke wapi, hiyo mikono. Nimekaa juu ya godoro la mteja nikisikiliza wenzangu wakikaza nyuzi.

Ubishi ulikuwa mkali. Wengine walisema niazimwe gitaa, yaishe. Kalama akasema sharti ni sharti, na kwa kweli hata mimi sikutaka la kuazimwa. Wakakata shauri hivi: Jumapili ijayo nije nalo. Likishika sauti alasiri nzima, nafasi ni yangu. Likiachia, ni ya Odhiambo. Ni haki. Nimeichukia hiyo haki.

Nyumbani niliingia jikoni kutafuta kiberiti, nikainua macho. Uchaga uko nusu tupu. Mahindi yamesukumwa yote upande mmoja, na mengine yako chini, ndani ya kikapu, nyuma ya mlango. Nikachukua hindi moja. Unga ukamwagika mkononi. Wadudu wameshaingia.

Ile ni mbegu ya vuli. Mama hamruhusu mtu kuigusa, hata mwaka ule wa njaa hatukuila. Aliiteremsha chini ili kibao kipate nafasi.

Nimelia. Kisha nimevuta kigoda nikaanza kuchambua, nzima huku, mbovu huku. Mama akaja akasimama mlangoni. Nikamwambia aniwie radhi, nilimkosea adabu.

"Haya, chambua," akasema, akaketi. Baadaye kidogo akauliza kama kibao kitapona. Nikasema sijui.

Jumatano, 21 Mei

Inarudi! Shingo inarudi. Kalama amekizungusha kile chuma kidogo sana, akangoja, akazungusha tena. Ncha za freti amezipitishia tupa, sasa mkono unateleza bila damu. Nimetia nyuzi. Zimeimba. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka mkewe yuko pale nje anauza mihogo.

Halafu nikapanda juu, kule shingo inapokutana na mwili wa gitaa. Hakuna kitu. Tak, tak, kama kugonga meza. Kalama akafumba jicho tena, akatikisa kichwa. Anaogopa akigusa hapo ataharibu na palipopona. Huenda pasirudi kamwe.

Wimbo wangu unapanda huko huko, mwishoni. Safari yake yote ni kufika pale.

Sina hamu ya kula. Mama amenisikia nikijaribu na kujaribu. Akaniletea maji ya ndimu.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeukata wimbo. Sasa unageuka kabla ya kupanda, unashuka, unakwisha chini. Unapigika. Sijaupenda.

Jumapili, 25 Mei

Limeshika. Alasiri nzima, mvua ikipiga mabati, tumepiga mpaka vidole vikawaka, na kila tulipopumzika Odhiambo aliinama akatega sikio kwenye gitaa langu, uzi baada ya uzi, kama daktari wa kifua. Mara ya mwisho aliinuka, akachukua lake, akalikaza kufuata langu.

"Iko sawa, dada. Nimekubali."

Kabla sijaondoka akachomoa kitufe cha sauti kwenye gitaa lake bovu lililo pale karakanani, akanipa nitie pale palipoyeyuka. Rangi hazifanani hata kidogo. Basi, nimemsamehe lile la simu. Nusu.

Nilipofika mlangoni Mama alikuwa amesimama barazani. Alinitazama uso tu. Akaingia ndani akisema Alhamdulillahi kwa sauti.

Jumapili, 1 Juni

Nimechoka, naandika kidogo.

Diani, ua wa mkahawa uliofungwa. Wamekuja wa Ukunda, wa Matuga, wa Lunga Lunga, na mama mmoja wa Kibuyuni, mkulima wa mwani, na gitaa lake la besi begani. Nikapiga uzi wa kwanza. Wakafuata wote, kwanza fujo, kisha fujo ikapungua, ikapungua, ikawa sauti moja. Yangu.

Joto lilipolishika gitaa, harufu ya moshi ikatoka ndani ya mbao. Mtu wa mbele akauliza nani anachoma samaki. Mama, kule nyuma na buibui lake na mkoba mapajani, ndiye aliyecheka kuliko wote. Sikujua kama amekuja!

Nikafungua kwa wimbo wangu. Ukaishia chini. Wakapiga makofi, Kalama akasimama. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Ila vidole vilikuwa bado vinataka kupanda.

Njiani Mama alizungumza juu ya viatu vya yule mama wa Kibuyuni. Juu ya wimbo hakusema.

Jumanne, 3 Juni

Mvua imekatika tangu jana. Nashona sare za shule, mlango wazi.

Mama alikuwa uani anaosha vyombo, akiimba kwa pua, bila maneno. Sikutilia maanani. Kisha mguu wangu ukasita kwenye cherehani. Ulikuwa wimbo wangu. Si ule wa Jumapili. Ule wa zamani, wote, nilioupiga miezi na miezi nyuma ya ukuta huu nikidhani nampigia kelele.

Alipofika pale nilipokata, hakukata. Akapanda. Sauti ikamkwaruza, akapanda vivyo hivyo, akafika.

Nilichukua gitaa bila amplifaya, nikaketi kizingitini, nikaanza mwanzo. Mama hakugeuka. Alisimamisha mkono ndani ya maji, akingoja. Tulipofika pale nikazifunika nyuzi kwa kiganja, naye akapanda peke yake.

Kisha akaisuuza sufuria ya mwisho, akaifudikiza juani.