Kuinuka Bila Mkono wa Mtu

Jumanne, 3 Juni

Siku ya tatu ya jujitsu. Nimeviringishwa kama gunia tena. Ghala tunalofanyia lilikuwa la pamba, na kuta zake bado zinatoa manyoya. Yameniingia puani. Chini kuna magodoro ya sofa yaliyofunikwa turubai. Nimepiga chafya, vijana wakasema babu amepasuka.

Wote watoto. Mimi miaka sabini na moja, mkanda mweupe. Mwalimu Shija kanifundisha kuufunga mara tatu. Nimefunga ndama maisha yangu yote, leo nafundishwa fundo na mtu ambaye ndevu zake naweza kuzihesabu.

Nina hasira mpaka ugali haushuki.

Alhamisi, 5 Juni

Niandike sababu, nisije nikasahau nikadhani nimerogwa.

Mwezi wa tatu niliteleza zizini kwangu Bukundi. Sikuvunjika kitu. Ila kuinuka nikashindwa. Nililala kwenye mavi tangu nimalize kukamua mpaka jua la utosini, ng'ombe wananinusa kama mgeni, hadi mke wa jirani alipopita. Binti yangu Kabula akaja na gari, akanileta huku kwake Bariadi. Ng'ombe anao mpwa wangu, mtu anayeogopa hata mitamba.

Kabula alisema hivi: "Baba, siku utakayolala hapa uani ukainuka mwenyewe, bila mkono wa mtu, bila kushika ukuta, nakurudisha Bukundi. Mwisho ni mwezi wa sita ukiisha. Ukishindwa, ng'ombe tunawagawa na unabaki hapa."

Alidhani amemaliza maneno. Kumbe stendi nilimsikia bodaboda mmoja akisema kuna ghala wanafundisha watu kupigana wakiwa wamelala chini. Chini ndiko shida yangu iliko.

Kabula nimemwambia nakwenda mazoezi ya kwaya. Kaamini. Mwanamke amesoma mpaka chuo.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu ya leo naiandika haraka.

Nimepangiwa binti anaitwa Minza, fundi cherehani, mwembamba kama fito. Mlangoni alinisalimia vizuri kabisa, "Mwadila, guku," yaani shikamoo babu kwa Kisukuma, magoti yakagusa chini kama binti aliyelelewa. Nikampenda. Tukaingia kwenye turubai, akapiga magoti tena mbele yangu. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana adabu mpaka imezidi. Nikampa mkono aupokee, nikasema marahaba.

Akaupokea. Nikaona dari. Halafu nikaona miguu yake imepita shingoni kwangu.

Kumbe mchezo huu huanzia kwenye magoti. Hakuna aliyeniambia. Kwetu binti akipiga magoti mbele ya mzee, mzee hajilindi. Vijana wamecheka mpaka Shija kakaa chini. Minza peke yake hakucheka. Kaniuliza, "Guku, umeumia?" Hiyo ndiyo imeniuma.

Jumanne, 10 Juni

Mpumbavu ni mimi.

Ukibanwa unatakiwa umgonge mwenzako kwa kiganja, mara mbili, akuachie. Ndiyo sheria. Mimi sikugonga. Nilijiambia, nimekaa na mafahali, nitamwomba msamaha fundi cherehani? Minza akasubiri. Akasema, "Guku, gonga." Nikamwambia, "Gonga wewe." Bega la kulia likalia kama mlango wa zamani.

Shija kanifokea mbele ya wote. "Mzee, hapa asiyegonga haji tena!" Alikuwa na haki. Simpendi kwa hiyo haki yake.

Jumatano, 11 Juni

Kabula kaona sishiki kikombe kwa mkono wa kulia. Kaweka sufuria chini polepole.

"Baba, kwaya gani inategua bega?"

Nikasema sauti ya nne. Hakucheka. Kaenda chumbani kwangu, kaukuta mkanda chini ya godoro. Kakaa kitandani, kauweka mapajani kama mtoto mchanga. Nilitaka afoke. Hakufoka. Alisema tu kwamba ile siku ya zizini mke wa jirani alipompigia simu, alidhani anapigiwa simu ya msiba. Akatoka.

Mkanda kauacha pale kitandani.

Jumanne, 17 Juni

Nimerudi. Bega limefungwa. Shija kanikataza kupambana, kanipa zoezi la kuinuka tu: kiganja nyuma, mguu mmoja umekunjwa, unanyanyua kiuno, ule mwingine unaupitisha chini yake kwenda nyuma, umesimama. Yeye anafanya kama anaondoa nzi. Zoezi lenyewe la mkono wa kulia. Mkono wangu wa kulia ndio huo niliouua kwa kiburi. Wa kushoto haujui kazi, maisha yake yote umeshika ncha ya kamba.

Leo mara kumi na tano. Kuinuka, sifuri.

Jumanne, 24 Juni

Sifuri.

Shija sasa ananionea huruma. Anakuja na "taratibu mzee, pumzika mzee," akiona nakwama ananishika kwapa. Nimemwambia akinishika tena namuuma. Kadhani ni utani. Meno ninayo manne na yote yapo tayari.

Zimebaki siku sita. Jana mpwa kapiga simu, anauliza dume jeusi linakula nini. Linakula nini! Nimekata simu.

Alhamisi, 26 Juni

Minza kakaa pembeni yangu kwenye turubai, anang'oa manyoya ya pamba kwenye soksi. Kasema, "Guku, wewe unagombana na chini. Unaruka kabla hujakaa." Nikamwambia mimi si cherehani. Kasema, "Hata cherehani ukiikimbiza inakata uzi." Kanikalisha. Kaniambia nikae kwanza, nipumue, nikisikia uzito umehamia kiganjani ndipo kiuno kiondoke.

Nimeinuka mara moja. Halafu nikakaa chini kwa mshangao, na kuanzia hapo sikuweza tena.

Jumamosi, 28 Juni

Mara moja si kitu. Sina imani nayo. Asubuhi Kabula alipokwenda sokoni nimechimbia jiwe uani, karibu na mwarobaini, limetokeza kidogo tu, saizi ya kisigino. Nimelifunika vumbi. Nimejaribu. Linasaidia.

Sijioni mbaya.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada Kabula kaleta kiti, kakaa. Nikachagua mahali pangu, najifanya natafuta kivuli. Akainuka, akakwangua vumbi kwa ndala, akaling'oa jiwe, akalirusha kwenye migomba.

"Juzi halikuwepo, Baba. Lala."

Nikalala. Mara ya kwanza nikaanguka ubavu. Mara ya pili goti likakwama, nikabaki kama meza iliyokatika mguu. Kabula akanyoosha mkono. Nikamwambia, "Ukinigusa umeiba." Akaurudisha. Nilikuwa na hasira, na yeye, na jiwe, na Mungu kidogo.

Nikakaa. Nikapumua. Kuku akapita. Uzito ukaja kiganjani, wa kushoto, taratibu, kama ng'ombe anayeamua mwenyewe kuingia zizini. Kiuno kikaondoka. Mguu ukapita.

Nilikuwa nimesimama.

Kabula hakusema hongera. Alikunja kiti. Kasema, "Nguo zako bado hazijakauka. Utaondoka Jumatano."

Jumamosi, 5 Julai

Bukundi. Dume jeusi limekonda, limenijua. Mpwa kalala kwake.

Asubuhi, baada ya kukamua, nimeteleza palepale. Mavi mabichi. Nikatazama juu kidogo, hakuna wingu. Nikakaa, nikapumua.

Mara ya tatu ndiyo nimeinuka. Hakuna mtu aliyeona. Nimefua suruali mwenyewe, nimeianika kwenye miba ya zizi.

Kabula kapiga simu mchana, kauliza habari za huku. Nimemwambia nzuri.