Mashine Iliyokubaliwa na Mtaa Mzima

Niš, katikati ya Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huchelewi kumpa Mama, na haya si ya kupitia kwa Mama. Tafadhali yasome peke yako, gereji, mlango ukiwa umefungwa. Kikohozi kimepungua? Na lile goti, umelipeleka kwa daktari au bado unalipaka ile pombe yako ya rakija? Mimi ni mzima wa mwili. Bwenini baridi imeanza, lakini soksi za Shangazi Ratka zinanitosha. Kichwani ndiko mambo yalikovurugika.

Najua unangoja habari za mashine. Zipo, ila nikikupa hivi hivi utadhani nimerukwa na akili, kwa hiyo nivumilie nianzie nyuma kidogo.

Unakumbuka mwaka jana tulipoanzishiwa lile somo la ujasiriamali kwa wahandisi. Ulicheka sana. Ulisema kiwandani kwenu mhandisi alichora, muuzaji akauza, na kila mmoja akala mkate wake. Profesa Lazović anasema siku hizo zimekwisha, na mhandisi asiyejua nani atakitumia kitu chake anatengeneza chuma chakavu kipya. Wimbo wake ni mmoja: kabla hujakata bati, nenda kaulize watu wanasumbuliwa na nini. Kuuliza si ujinga, basi mimi na mwenzangu Ognjen tukaamua kuuliza. Ilikuwa Septemba, Leskovac nzima inanuka pilipili hoho za kuchoma, tungeuliza habari gani nyingine? Nikapita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu, nikiwauliza akina mama wanaionaje kazi ya kumenya hoho za ajvar, ile achari yetu ya kila mwaka.

Baba, walilia! Vidole vinaungua, kucha zinabaki nyeusi wiki nzima, mgongo unakatika. Nilipowauliza kama wangetaka mashine, kila mmoja alisema, “Jamani mwanangu, ulikuwa wapi siku zote?” huku ananisogezea jamu ya cheri na kijiko, kama anavyokaribishwa kila mgeni kwetu. Profesa alifurahi mno. Yeye ni mtu wa Belgrade, simlaumu. Lakini mimi niliyezaliwa hapo ningepaswa kujua: kwetu nani anamwambia mgeni mwenye kijiko cha jamu mdomoni kwamba wazo lake halifai? Na mwanamke wa kwetu ukimuuliza taabu zake, atakunyima?

Halafu ukaingia wewe. Sikukuomba. Nilikuonyesha mchoro tu, nikitaka kujua kama brashi zitashika ngozi bila kuchana nyama. Kesho yake nikakukuta umeshaitoa ngoma kwenye mashine yetu ya kufulia ya zamani. Ulinifokea pale nilipotaja maji, ukasema hoho ikioshwa ni sawa na maiti. Majira yote ya baridi ulichomelea, ukabomoa, ukachomelea tena. Vyaelea vimeundwa, Baba, na ile uliiunda kweli. Mpaka leo sijaona kiungo kilichochomelewa kwa unadhifu ule, hata huku chuoni.

Septemba hii uliiona mwenyewe ikifanya kazi uani kwa Shangazi Ratka. Hoho za gunia zima ziliisha kabla kahawa haijachemka. Wakapiga makofi, wakakusifu, ukarudi nyumbani unapiga mluzi. Mimi nilibaki kukusanya nyaya, nikaona kitu nisichokielewa. Wale akina mama waliketi kimya, mikono mapajani, kama watu walioshushwa kituo kisicho chao. Mmoja akakumbuka ana nguo za kuanika. Mwingine akamfuata. Ikabaki hoho iliyomenywa na viti vitupu.

Jumapili yake nilipita kwa Shangazi kurudisha sinia. Geti limefungwa kwa ndani, halafu nasikia kicheko kinachotikisa ukuta. Nikazunguka kwa nyuma. Baba, walikuwa wote pale, wamenunua gunia jingine, wanamenya kwa mikono! Waliponiona walificha vidole chini ya aproni kama watoto wezi wa sukari. Milunka jirani akanitania, “Haya, polisi wa hoho amefika, tukamate!” Nami sikucheka. Niliuliza kama mashine imeharibika.

Shangazi akaniambia niketi. Akasema, “Wewe mtoto, Milunka mimi namwona wapi mwaka mzima? Kanisani anaimba, dukani anakimbia. Hoho ndizo zinazotukalisha kitako.” Nikauliza, sasa kwa nini mlikubali, mwaka mzima mnatuambia ndiyo, ndiyo? Wakatazamana. Shangazi akajifuta mikono polepole, akasema, “Kaka yangu, baba yako, ameanza tena kunyoa ndevu. Ulitaka nimwambie nini?”

Mama alikuwepo, Baba. Naye vidole vyeusi. Akanishika mkono akasema tangu kiwanda kifungwe ulikuwa unakaa mbele ya televisheni hata haijawashwa, na tangu ule mchoro wangu kuna mwanamume ndani ya nyumba tena, na nikithubutu kufumbua mdomo hatanisamehe. Nilirudi Niš na siri hiyo kama jiwe kwenye kiatu.

Jana ilikuwa zamu yetu kusimama mbele ya jopo la waamuzi wa shindano la lile somo. Ognjen alikuwa ameandaa maneno matamu, bei, picha, kila kitu. Mimi nilipewa sehemu ya wateja. Nikasimama, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba mashine inafanya kazi vizuri kabisa na hakuna anayeitaka. Nikaeleza geti, kicheko, vidole chini ya aproni. Ognjen aligeuka rangi ya jibini. Nikasema moyoni, haya, nimeliua somo, nimemuua rafiki, nimemuua na Baba.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Walipiga makofi! Wametupa nafasi ya kwanza, na chumba katika karakana ya chuo kwa mwaka mzima, tutafute kitu kingine. Profesa akanishika mkono akasema hilo ndilo alilokuwa akilifundisha siku zote. Lipi? Kusimama mbele ya watu na kukikana kitu chetu? Ognjen kwanza alininunia, “Si ungeniambia basi, ningevaa sweta tu, tai ya nini?”, jioni akaninunulia mkate wa burek wenye nyama. Mimi hata sikujua kama nile au nilie. Sijui nimefaulu au nimesaliti.

Mwamuzi mmoja, mama mwenye miwani, aliniuliza kama hakuna anayeitaka mashine, mbona tuliendelea nayo mwaka mzima. Nikajibu kwamba ilikuwa na mtumiaji mmoja. Hakuuliza ni nani.

Basi Baba, umeshaelewa. Mtaa mzima uliikubali mashine kwa ajili yako. Nimeandika na sifuti. Nina hasira nao kwa kutudanganya, na wakati huohuo ningependa kuwabusu mmoja mmoja. Naogopa utaikunja barua hii urudi kwenye ile televisheni. Labda Mama ndiye mwenye haki na mimi ndiye mjinga. Lakini siwezi kufurahia makofi ya watu huku wewe gereji unaipaka mashine mafuta ukingoja wanunuzi.

Na kuna linaloniuma zaidi. Niliwauliza akina mama wote wa mtaa wanasumbuliwa na nini, nikawasikiliza kwa makini kama nilivyofundishwa. Mtu aliyekuwa ananishikia spana kila wikiendi sikumuuliza hata siku moja.

Nisalimie Mama, na usimfokee, amefanya kwa mapenzi. Msalimie Shangazi Ratka, mwambie kicheko chao kinasikika mpaka barabarani. Jumamosi nakuja na basi la kwanza, naomba usiibomoe mashine kabla sijafika. Weka viti viwili tu gereji. Nataka uniambie, tangu kiwanda kifungwe, asubuhi zako zikoje. Sitaki “si mbaya” zako. Nitakusikiliza hata ikichukua siku nzima, na safari hii sina kitu cha kukuuzia.

Mwanao akupendaye,
Anđelija