Kabla Hujanunua Redio za Kuwindia Mlimani

Karakana ya Kuchomelea,
Nyuma ya Duka la Mbegu.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji yangu na watoto. Kile kikohozi kilichokukalia kifuani kimekwisha? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ikifika saa nne ameshayasahau na anamfokea kila mtu kama kawaida. Mimi mwili hauna ugonjwa, ila usingizi sina. Unisamehe mwandiko.

Barua yako nimeipata. Nimesoma kwamba umepewa kibali cha kuwinda, kwamba wenzako wa kazini watakupeleka milimani mwezi ujao, na kwamba wamekuachia wewe kazi ya kuchagua redio za upepo, zile za kuitana mkiwa mbalimbali. Ukaniuliza zipi zinafaa, kwa kuwa fundi wa familia ni mimi. Niliisoma nimesimama mlangoni mwa karakana, ikabidi nitafute pa kukaa.

Ningeweza kukujibu kwa mistari mitatu. Ungeisoma, ungeikunja, ungeisahau. Kwa hiyo nakusimulia yaliyonikuta mwezi wa nne. Hukuandikiwa habari hizi kwa sababu niliwaomba wote wasikuandikie.

Unakumbuka nguruwe mwitu wanavyofukua viazi vya watu kule juu. Tulipata kibali watu watatu: Mjomba, mimi, na mume wa dada yetu, Kasuku, ambaye mdomo wake unaujua. Tukaenda dukani kununua redio. Mjomba akashika zile nzito zenye antena ndefu. Mimi nikapenda ndogo, za kutia mfukoni, kwa kuwa boksi lake liliandikwa kilomita thelathini na tano.

"Hizo kilomita wamezipimia wapi?" Mjomba akaniuliza. "Uwanja wa ndege?"

Nikamcheka. Nikamwambia mambo yamebadilika, redio siku hizi si matofali. Akanitazama, akasema, "Haya, mjomba, fundi ni wewe." Unajua anavyoniita mjomba kama ninavyomwita yeye. Tukanunua zile ndogo, tukazijaribu mtaani, kutoka karakana hadi kituo cha mafuta. Sauti safi kabisa. Nikajiona bingwa.

Siku yenyewe kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Kasuku alikaa juu, kwenye mgongo wa mlima, mahali anapoona pande zote mbili. Mjomba alishuka ng'ambo, kwenye korongo. Mimi nilikaa upande wa huku, pembeni ya eneo la wazi. Tulikubaliana kwamba hakuna atakayeondoka alipo bila kusema kwenye redio.

Na Mjomba alisema. Hilo ndilo linaloniamsha. Aliona nyayo za nguruwe zimegeuka kuelekea kwangu, akaita mara nne kwamba anakuja. Lakini kati yake na mimi palikuwa na mwamba mzima wa mlima, na kale karedio kangu hakana nguvu ya kuupita. Sikupata hata neno moja. Kasuku, kwa kuwa alikuwa juu, alimsikia, akaanza kuniita mimi anionye. Huyo ningeweza kumsikia. Ila redio ilikuwa ikikwaruzakwaruza, nikaogopa itawafukuza nguruwe, nikawa nimepunguza sauti mpaka mwisho.

Vichaka vikatikisika. Nikaona mgongo mweusi, chini chini, unapanda polepole. Mjomba alikuwa ameteleza kwenye mawe, anatambaa kwa mikono na magoti, amevaa koti lake jeusi la mvua.

Nilipiga.

Halafu nikasikia sauti yake. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayebisha hodi, "Mjomba, ni mimi."

Mdogo wangu, sijui nilifikaje pale. Risasi ilikuwa imeingia kwenye mti, shibiri moja kutoka sikioni mwake. Vipande vya mti vilikuwa vimemchoma shavuni na juu ya jicho, damu inamtiririka shingoni, naye amekaa anautazama ule mti. Nilimpapasa mwili mzima kama natafuta funguo. Kasuku akaja anakimbia, akatuona, akakaa chini. Tangu aoe kwetu nilikuwa sijawahi kumwona amenyamaza. Siku ile hakufungua mdomo mpaka tukafika kwenye gari.

Mama aliambiwa kwamba kaka yake ameangukia miiba. Alimkalisha dirishani, akamtoa vile vipande kimoja kimoja kwa kibano, akawa anavipanga kwenye sahani. Akauliza, "Miiba gani hii, minene kama njiti za kiberiti?" Mjomba akacheka. Mimi nilikuwa mlangoni, nikashindwa kuingia.

Nilikaa na jambo lile siku tatu. Siku ya nne nilimkuta Mama anachambua mchele, nikamwambia yote. Hakulia. Aliuliza, "Uliuona uso?"

"Sikuuona, Mama."

"Basi ulipiga nini?"

Kesho yake niliipeleka bunduki kituo cha polisi waitunze, na huko ndiko iliko. Karakanani, chuma kikianguka nyuma yangu nashtuka hata wateja wanaona haya kwa niaba yangu.

Juma lililopita Mjomba alikuja, amevaa glavu zake za baridi mchana wa jua kali. "Twende dukani," akasema. "Safari hii nachagua mimi." Nikamwambia siendi tena mlimani. Akasema hajaniambia habari za kuwinda, kaniambia habari za redio.

Dukani hakuuliza bei wala kilomita. Alibonyeza vitufe akiwa na glavu. Ambayo kitufe chake hakikubonyezeka, aliirudisha. Akauliza betri ya akiba, akauliza kama inavumilia maji, akaigeuza kuona kama kitufe cha chaneli kinafungika kisije kikajigeuza mfukoni. Mwisho akamwomba muuzaji atuazime aina mbili kwa siku moja. Muuzaji akasita, akamwona lile kovu juu ya jicho, akauliza limetokana na nini. Mjomba akamwambia, "Redio." Akatuazima.

Tulipanda watatu, Kasuku akakaa juu kama siku ile, bila bunduki hata moja. Mjomba akashuka kwenye korongo lile lile, nami akanisimamisha pale pale. Tulianza na aina ya kwanza. Kimya. Dakika tano, kimya, na mimi natazama vile vichaka, jasho linanitoka kwenye baridi. Nilijua hakuna bunduki mlimani, na bado nilitaka kukimbia. Kama tulivyokubaliana, nikawasha ya pili, ile nzito yenye antena ndefu.

"Mjomba, nipo huku korongoni. Unanisikia?"

Nilimsikia vizuri mno. Aliuliza mara tatu, kwa upole, ndipo kidole changu kikakubali kubonyeza.

Lakini usishangilie. Aliposhuka zaidi, hadi chini kwenye kijito, hata hiyo ilikufa. Kasuku tu kule juu ndiye aliyempata, akawa ananipa maneno yake. Hakuna redio inayopenya mlima. Kwa hiyo nunua zile kubwa, za aina moja nyote, na betri za akiba mzifunge ndani ya nguo zisipoe. Mkazijaribu mlimani penyewe, siyo mtaani. Mtu mmoja akae juu kila mara. Kifaa cha sikioni nunua, ili usishawishike kupunguza sauti kama mimi. Na ikifika saa mliyokubaliana kuitana, mmoja asipojibu, wote mnafungua bunduki, mnaondoa risasi zilizomo, mnakwenda kumtafuta. Hata kama nguruwe amesimama mbele yako anakutazama.

Mjomba amesoma barua hii kabla sijaifunga. Amesema nimekutisha bure, kwamba yeye yu hai na amenenepa. Nimemwachia aseme. Ninachotaka mimi ni uogope. Uogope sasa, ukiwa umekaa kwenye kiti, usije ukaanza kuogopa baada ya mlio.

Mama anakusalimu, na anauliza unakwenda na nani huko mlimani, mmoja mmoja, na kazi zao. Dada na Kasuku wanakusalimu. Mjomba anawasalimu watoto. Nisalimie shemeji, na umpe na yeye aisome. Mungu akutangulie kila njia unayopita na akurudishe kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukuhofia,
Fundi