Mchumba Wangu Anauita Wimbo wa Jembe

Mpendwa mshauri, Mama Angelina, shikamoo. Nakuomba unisaidie haraka, kwa sababu tangu juzi situlii, nacheka peke yangu dukani mpaka wateja wananiuliza nimepata nini, na papo hapo nawarudishia chenji isiyo sahihi kwa wasiwasi. Mimi ni Mluguru wa Mlali, nauza vitenge Msamvu, na mchumba wangu Yeremia ni mtu wa Njombe anayesoma historia chuoni hapa Morogoro, utafiti wake ni wa enzi za Wajerumani, basi kila akija kwangu anafungua kompyuta na kuniingiza kwenye tovuti za Ujerumani ambako wameweka magazeti ya zamani, ramani, picha za milima yetu, vyote bure, unabonyeza tu, na mimi ambaye shuleni historia ilinilaza usingizi ndiye sasa ninayemwambia fungua ile, kuza hapa, rudi nyuma, maana nimeiona mpaka njia ya kwetu enzi hizo ikiwa ya miguu.

Juzi akafungua mkusanyiko wa sauti. Kuna Mjerumani alipita Uluguru na mashine ya kunasa sauti, zaidi ya miaka mia iliyopita, na sasa zote ziko mtandaoni. Yeremia akabonyeza, ikaanza mikwaruzo, mama mmoja akakohoa kidogo, akaimba, na mwili wangu wote ukasisimka. Ni wimbo niliofundishwa nilipovunja ungo nikawekwa ndani, wimbo wa wanawake watupu, tuliuapia, hata neno moja siwezi kukuandikia. Na si hivyo tu, Mama. Bibi yangu mzaa mama hutuambia kuna kipande kilipotea tangu enzi za mama yake, kwa hiyo tukifika pale tunapiga vigelegele kuziba pengo. Huyu mama wa kwenye mashine hakupiga vigelegele. Alikiimba kile kipande chote, mpaka mwisho, na mimi machozi yakanitoka huku nacheka.

Tatizo ni kwamba tovuti imeuandika kuwa ni wimbo wa kupalilia. Nadhani akina mama wa siku hizo walimdanganya Mjerumani wa watu, na ningekuwepo ningefanya vilevile. Lakini Yeremia ameamini, ameujengea sura nzima ya tasnifu kuhusu watu waliolimishwa kwa nguvu, na wiki ijayo anasimama mbele ya walimu wake na atauweka kwenye spika, ukumbi mzima usikie, wanaume kwa wanawake. Nilijisahau nikawa naufuatisha kwa sauti ya chini, akaniuliza, "Kumbe unaujua? Nitafsirie basi." Nikamjibu, "Siujui, nimeupenda tu." Nikisema nimevunja kiapo, nikinyamaza mwenzangu anaaibika na wimbo wetu unapigwa hadharani. Nimekuambatishia sauti yenyewe, usikie nilichosikia.

Mwanvita, Mlali

Mwanvita mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, chai ikachemka mpaka ikamwagika jikoni, na sijutii. Sauti ya mama wa kwenu imevuka bahari, imekaa kwa watu miaka yote hiyo, halafu imerudi kwa mchumba wako kwenye meza yako. Furahi mwanangu, cheka dukani utakavyo.

Sasa nikugombeze. Umeapa kutunza siri, halafu unaituma gazetini? Na Yeremia umemdanganya bila sababu, kisha unamwacha aende kuumbuka mbele ya walimu wake huku wewe ukikunja vitenge. Huo si uchumba.

Umejibana kati ya kusema yote na kutosema lolote, wakati iliyopo katikati ni kauli fupi. Leo hii, kabla hajalisoma gazeti hili, mwambie: "Ule si wimbo wa jembe. Ni wetu wanawake, zaidi ya hapo sina ruhusa, na usiupige ukumbini." Hapo hujatoa siri ya mtu. Atanuna, maana sura nzima imeanguka. Mwache anune. Bora ianguke mezani kwako kuliko ukumbini. Akishatulia ataona amepata jambo kubwa zaidi la kuandika, kwamba si kila kilichoandikwa chini ya sauti za Wajerumani ni kweli, na kwamba wanawake wa Uluguru walijua nini cha kumwambia mgeni. Na kwa kuwa Kijerumani anakijua, awaandikie wenye tovuti kuwa maelezo yao yana kosa, na wenye wimbo watasema kama wanataka ubaki wazi au ufungwe. Akikusikia na bado akaupiga, zungumza na wajomba zako kabla mahari haijapokelewa.

Wewe pakua hiyo sauti kwenye simu, mtandao usije ukakuangusha, kisha nenda Mlali. Mwite bibi na makungwi ndani, fungeni mlango. Wao ndio wa kuamua Yeremia aambiwe nini na Wajerumani wabaki na nini. Si wewe, si mimi, wala si walimu wa chuo.

Ile sauti uliyoniambatishia nimeifuta bila kuifungua. Mimi ni mtu wa Moshi, sikuchezwa unyago wa kwenu, ingawa nakiri kidole kiliniwasha.

Na mkifika pale mnapopiga vigelegele, safari hii msipige. Mwacheni yule mama amalizie.