Muhogo wa Samaki, Bukari ya Mama

Kambi ya Dzaleka, Malawi

Wifi yangu Furaha,

Nakusalimu wewe na watoto. Mnaendeleaje huko Uvira, na mguu wako umepoa? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu.

Uliuliza habari za Mama. Sitakuficha. Tangu tumzike kaka yako Zabuloni, mama yenu alikuwa hataki kula. Nsima, ugali wa mahindi wa huku, aliigusa kwa kidole tu, akageukia ukuta. Nikaanza kuogopa kwamba nitakuandikia msiba mwingine.

Nimepata kibarua bondeni kwa mzee Mateyo, mwenyeji anayefuga samaki. Zamani aliwatupia pumba za mahindi, zikatawanyika majini na nyingi zikapotea. Sasa ananunua muhogo mjini Mponela. Mimi naumenya, naulowesha mpaka ulainike na uchungu utoke, naanika, natwanga. Unga nausonga, nachanganya na pumba, nafinyanga vidonge. Vinashikana vizuri, na samaki wanavimaliza.

Harufu ya muhogo uliolowa, wifi, inanirudisha nyuma ya nyumba yenu. Namwona Zabuloni ametoka sokoni, anafunua pipa la muhogo, anaziba pua, halafu anauliza tutakula saa ngapi.

Juma lililopita nilimwomba Mateyo bakuli moja la unga kwa ajili ya Mama. Akashangaa, akiniita mama kwa lugha yao.

"Amai, mnakula chakula cha samaki?"

Nikamjibu kwa adabu ya kwao, "Zikomo, bambo. Sisi njo tulianza. Samaki wamefuata."

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanijazia bakuli mwenyewe.

Nikasonga bukari yetu ya muhogo, nikamwekea Mama pamoja na matembele. Alinusa. Akakata tonge, akalizungusha mkononi muda mrefu, akameza. Akakata lingine. Halafu akaniangalia.

"Esteri, nani alikufundisha kuchekecha? Iko na nyuzi kama mkeka."

"Niliharakisha, Mama."

"Samaki hawajui kulalamika. Mi najua."

Nilitoka nje nikalia kidogo. Niliporudi, alikuwa anakwangua ukoko.

Barua hii inakwenda posta Lilongwe na jirani yetu mshonaji. Msalimie baba mdogo, fundi wa baiskeli, na shangazi wa kwaya. Shangazi mwambie sauti yake tunaikumbuka kila Jumapili. Wabusu watoto.

Mama ameketi hapa karibu, anataka niongeze jambo: akitokea mtu wa kuja huku, umpe chekeche yake ya nyumbani. Anasema za Malawi zina matundu makubwa.

Ni mimi wifi yako,
Esteri