Karatasi Chini ya Ruta

Jumamosi, saa kumi jioni, Masasi. Jua la leo halina adabu. Mabati yanalia juu ya kichwa changu, feni inasukuma joto kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, na mimi nina wivu.

Nimeliandika neno hilo mara mbili nikalifuta. Sasa naliacha. Namwonea wivu Somoe, msichana niliyemfundisha mwenyewe kushika koleo.

Somoe ni mtu wa Chiungutwa. Alipokuja karakana yetu miaka miwili iliyopita hakujua hata nyaya tatu za serial zinaungwaje. Nilimweleza kwamba kompyuta ndogo isiyo na skrini ina mlango wake wa kunong'onea: waya wa kutuma wa huku unaingia kwenye kupokea kwa kule, wa kupokea unaingia kwenye kutuma, na wa ardhi usiusahau, maana ukiusahau utaletewa herufi za ajabu. Akausahau. Zikaja herufi za ajabu, tukacheka mpaka machozi. Siku hizo nilimpenda sana kwa sababu alikuwa hajui.

Ndivyo nilivyo, kumbe.

Kazi yetu ni vikompyuta vya Linux vinavyokaa kwenye mizani za maghala ya korosho. Mkulima anaweka gunia, kikompyuta kinasoma uzito na kuupeleka ofisini. Adui yetu ni umeme. Ukikatika ghafla, kadi ya memori iliyomo ndani inaharibika, mizani inanyamaza, na wakulima wanakaa juani mpaka mtu atoke Masasi na kadi nyingine. Mtu huyo nilikuwa mimi. Msimu uliopita nilipanda Newala mara nyingi hadi mama mmoja anayeuza mihogo stendi akawa ananitengea kipande.

Dawa yake tuliijua: viwake bila kadi. Kikompyuta kikiwashwa, kiombe anwani kwenye mtandao wa ghala, na seva, kompyuta moja kuu yenye betri, ijibu na kukipa mfumo mzima. Hakuna kadi, hakuna cha kuharibika. Nilihangaika na jambo hilo miezi miwili. Somoe lilimchukua siku tisa.

Tisa!

Bosi wetu, Mama Fadhila, alitangaza wakati wa chai kwamba Somoe ndiye atakayekwenda Newala kuwaonyesha viongozi wa ushirika, na kwamba wakiridhika, yeye ndiye atakayesimamia maghala yote ya huko juu. Nilipiga makofi kuliko wote. Kazi hiyo niliitaka mimi. Nilikuwa nimeshaiwaza mpaka nikachagua mtaa wa kupanga nyumba.

Basi leo asubuhi yeye yuko Newala, mimi niko hapa nasafisha vumbi kwenye ruta za zamani, visanduku vya kugawa mtandao. Saa nne simu ikaita.

"Shikamoo, Baba Salima."

"Marahaba. Vipi huko?"

"Huku upepo tu. Baba Salima, kimekataa! Nakiona kwenye konsoli kwa zile nyaya tatu, anwani kinapata vizuri, halafu kinatafuta faili la kuwakia, kinatafuta weee, kinakwama. Na hapo Masasi kiliwaka. Hii ruta ya ghala si uliifunga wewe? Na yenyewe inagawa anwani?"

Alikuwa ameshika jibu mkononi, anataka tu mtu wa kumwambia ndilo. Ruta ile inagawa anwani. Niliiwasha hivyo mimi, msimu uliopita, kwa ajili ya simu za makarani. Kikompyuta kinapoomba anwani, ruta inaiwahi seva kujibu, na ruta haina faili la kumpa mtu. Kuuzima ugawaji huo ni kazi ya dakika mbili.

Nikasema, "Mh, sikumbuki, mdogo wangu. Siku nyingi hizo."

Nilikumbuka hata rangi ya waya.

"Haya, ngoja nihangaike," akasema. "Viongozi wanafika saa sita."

Nitasema ukweli, maana hapa ndipo pa kuusemea: kwanza nilisikia raha. Nikamimina chai. Nikamwona Somoe amesimama mbele ya wazee wa ushirika, skrini inamrudishia mistari ileile, na Mama Fadhila anajutia kutonituma mimi. Nikaweka na sukari ya ziada.

Raha yenyewe haikumaliza kikombe. Nilimkumbuka bibi mmoja wa msimu uliopita, aliyekaa juu ya gunia lake tangu asubuhi akinisubiri nibadilishe kadi. Kila nikiinua kichwa ananiuliza, "Mwanangu, imepona?" kana kwamba mizani ni mgonjwa wa hospitali ya Ndanda. Jambo la leo likishindikana, msimu huu atakaa palepale. Nami niko hapa nakunywa chai tamu.

Saa sita kasorobo nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Saa sita na dakika kumi akapokea, na nyuma yake nikasikia watu wanaongea wote kwa pamoja.

"Somoe, nimekumbuka, hiyo ruta..."

"Tumeshaizima, Baba Salima! Nimekuta karatasi yako."

Karatasi yangu. Ni mimi niliyeanzisha desturi hiyo karakana: kila kifaa tunachofunga, chini yake tunabandika karatasi yenye maelezo ya tulichobadilisha na jina la aliyebadilisha. Somoe nilimgombeza mwaka mzima kwa kusahau kubandika. Akanisomea ya kwangu kwenye simu, kwa sauti ya furaha: "Inagawa anwani kwa simu za makarani. Ukileta seva, izime kwanza. Baba Salima."

Kumbe hata hilo la seva nilikuwa nimelifikiria. Mtu aliyeandika vile alimjali mtu asiyemjua ambaye angekuja baada yake.

"Vimewaka vyote," akaendelea. "Wazee wameridhika. Nimewaambia aliyenifundisha ni wewe. Nikirudi kesho nakuletea mihogo ya yule mama wa stendi, bado anakuulizia."

Hakuniuliza nilisahauje. Labda ameamini. Labda, alipoinua ruta ile na kuona mwandiko wangu, alisimama kidogo, akaelewa, kisha akaamua kunistahi mbele ya watu. Nimelisikiliza lile "Baba Salima" lake kichwani mchana kutwa na sijapata kujua.

Wivu haujaisha. Nisijifanye mtakatifu, bado nawaza nyumba ile ya Newala. Ila kuna kitu kimoja ninachoweza kuandika kwa mwandiko uleule: Somoe, nilikumbuka. Nilikunyima kwa makusudi.

Watu wanaosoma blogu hii hawazidi kumi, na yeye ni mmoja wao. Nikichapisha sasa hivi ataisoma kesho njiani, na mihogo yangu mapajani.

Nachapisha. Jumatatu nitawahi karakana, nikae na kazi yangu karibu na mlango, nione kama ataniamkia.